Picha Niliyodhani Imeharibika

Kila Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, nafungua simu kuangalia mada ya wiki. Tuko tisa katika kundi letu la picha: sita hapa Tanga, wawili Mombasa, mmoja Muscat. Sheria zetu ni tatu na hazijabadilika tangu tuanze. Picha iwe umeipiga mwenyewe, hata kama ni ya miaka kumi nyuma. Unaruhusiwa kuihariri upendavyo. Na ukiituma, useme kila ulichoifanyia. Mwisho ni Jumapili saa mbili usiku. Zawadi hakuna, na sijawahi kusikia mtu akiiulizia.

Wiki ninayotaka kuisimulia, mada ilikuwa neno moja: Sauti.

Mada kama Mlango au Nyekundu unaweza kuvaa ndala ukatoka nje kuitafuta. Mlango upo, nyekundu ipo. Sauti utaitia vipi ndani ya picha? Jioni hiyohiyo mwenzetu mmoja alituma spika kubwa la shughuli likiwa na vumbi juu yake, na mwingine akatuma mtoto aliyeziba masikio. Zote nilizipenda. Mimi mpaka Alhamisi usiku sikuwa na kitu, nikaanza kupekua folda niliyoipa jina Mbovu.

Hiyo folda inabidi niieleze. Zamani picha ikitikisika, ikiungua kwa mwanga, au ikitoka na kidole changu pembeni, mara nyingi nilikuwa naifuta palepale. Mada iliyonikomesha ilikuwa Kusubiri. Nilikuwa na picha niliyoipiga alfajiri pale Deep Sea, soko letu la samaki, ngalawa ikiingia. Ngalawa ndiyo niliyoitaka, na tanga lake lilikuwa limejaa upepo vizuri. Lakini upande wa kushoto walikuwa wamesimama kina mama watatu na ndoo zao, wamenipa mgongo, wanatazama bahari. Picha ikawa na vichwa viwili, jicho halijui liende wapi, kwa hiyo niliihesabu kuwa imeshindikana. Mada ilipotangazwa niliifungua tena, nikaikata. Niliondoa ngalawa yote. Wakabaki kina mama, ndoo tupu, na maji yasiyo na kitu mpaka mwisho wa macho. Sikuongeza rangi wala kugusa mwanga; kazi nzima ilichukua dakika mbili. Ngalawa ikiwemo, wale kina mama wanapokea. Ngalawa ikitoka, wanasubiri, na wanasubiri kwa namna inayouma.

Nilipoituma niliandika: nimekata ngalawa iliyokuwa inaingia upande wa kulia. Dada mmoja wa Mombasa akajibu, "Basi mwenzangu, hawakusubiri sana." Maneno yake nimekaa nayo muda mrefu, na nitayarudia. Ila tangu siku ile sifuti tena.

Sasa, Alhamisi ile ya Sauti. Nilipita picha kama mia mbili hivi, mpaka nikafika kwenye moja ya mwaka 2016, mwezi wa Ramadhani, Pangani. Bibi yangu anakuna nazi.

Jiko lake lilikuwa nyuma ya nyumba, limeezekwa makuti, na mwanga ulikuwa unaingia kwa mlango mmoja tu. Ilikuwa kama saa kumi na moja na nusu jioni, futari inapikwa. Nilikuwa nimeegemea mwimo wa mlango na simu yangu ya bei ndogo. Jiko lilikuwa na giza, kwa hiyo simu iliacha tundu lake wazi kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na bibi hakuwa mtu wa kusimamisha kazi kwa ajili ya picha. Uso wake umeinama kidogo, umetulia. Magoti yametulia, ubao wa mbuzi umetulia, sinia lililo chini ya meno ya mbuzi limetulia. Lakini mikono yote miwili pamoja na kifuu ilichokishika imekuwa ukungu unaoshuka. Siku ile niliitazama nikasikitika, nikapiga nyingine tatu mpaka nikaipata iliyotulia yote. Hiyo iliyotulia ndiyo niliyomtumia mama, na hii nikaitia Mbovu nilipoanzisha ile folda.

Miaka kadhaa baadaye, usiku, peke yangu, niliitazama nikaisikia. Kwaru, kwaru, kwaru, kwa kile kiherehere cha mtu ambaye adhana inakaribia. Ile iliyotulia, niliyoihesabu kuwa nzuri, niliifungua nikaiweka kando yake. Kimya. Ni bibi ameshika nazi, basi.

Naomba nikae kidogo kwenye kuihariri, kwa sababu watu wengi wanadhani kuhariri ni kuchagua filta na kubonyeza sawa.

Kwanza nilikata. Mlango uliokuwa unaingiza mwanga ulikuwa umo ndani ya picha, upande wa kulia, mweupe kabisa. Jicho la mtu hukimbilia penye mwanga kabla ya pengine popote, kwa hiyo kila aliyeitazama picha ile angeanza na mlango, kisha arudi kwa bibi. Niliutoa. Nilibakiza ukanda mwembamba wa mwanga kwenye ukuta, ili ijulikane mwanga unatoka wapi.

Pili, rangi. Nyuma ya bibi kulikuwa na dumu la maji la njano, na lile dumu lilikuwa linapiga kelele kuliko nazi. Ningeweza kulififisha peke yake, lakini khanga ya bibi nayo ilikuwa na rangi ya machungwa, na sinia lilikuwa na maua. Nikaamua picha iwe nyeusi na nyeupe. Kwenye Snapseed, programu ninayoitumia zaidi kwa kuwa ni ya bure na haichagui simu, ukigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe unapewa na filta za rangi: nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu. Wengi wanazipita bila kuzigusa, na humo ndimo kazi ilimo. Ngozi ya kahawia hurudisha mwanga mwekundu mwingi kuliko wa kijani. Ukipitisha picha kwenye filta nyekundu, ngozi inapauka na makunyanzi yanalainika. Ukipitisha kwenye ya kijani, ngozi inakoza na kila mstari wa uso unajitokeza. Nilijaribu zote mbili. Kwa nyekundu bibi alikuwa na miaka hamsini. Kwa kijani alikuwa bibi. Nikachagua kijani, na sababu yake ina mzizi mrefu nitakaousema hapa chini.

Tatu, mwanga na giza. Hapa ndipo namshukuru mzee wetu, mkubwa kuliko wote kwenye kundi, aliyefanya kazi ya studio miaka ya 1980 hapahapa mjini. Nilimpigia Ijumaa asubuhi. "Shikamoo mzee." "Marahaba binti. Sauti imekushinda?" Nikamwambia haijanishinda, ila picha imelala, haina mahali inaponyanyuka. Akanieleza walivyokuwa wanafanya kwenye chumba cha giza. Taa ya mashine ya kukuzia inamwaga negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, kwenye karatasi, na fundi anaweka mikono yake katikati. Penye kutakiwa pawe peupe anapaziba kwa kipande cha kadibodi kilichofungwa kwenye waya mwembamba, anakitikisatikisa ili alama yake isionekane. Penye kutakiwa pawe peusi anaziba kwingine kote kwa viganja, anaacha tundu dogo mwanga uendelee kuunguza hapo tu. "Binti, sisi tulikuwa tunaediti kwa viganja," akasema. "Na kila karatasi ilitoka na umbile lake, huwezi kupata mbili sawasawa."

Huko nje wapo waliolifanya hilo kuwa kazi ya maisha. Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani, alipiga picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, jioni ya tarehe 1 Novemba 1941, jua likiwa linaaga misalaba ya makaburini. Negativu ni hiyo moja. Lakini aliendelea kuichapa kwa miongo, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo anga ilivyozidi kuwa nyeusi mikononi mwake. Ukiweka nakala ya mwanzo kando ya nakala ya miaka ya baadaye, utadhani ni usiku mbili tofauti. Mtu aliyerudi kwenye picha moja kwa muda wote huo hakuwa anaficha kosa. Alikuwa bado anaisikiliza.

Basi nikafanya kwa kidole alichokifanya mzee kwa kiganja. Niliunguza pembe zote, dumu likazama gizani. Nilinyanyua kidogo mwanga wa nazi ndani ya sinia, na kidogo zaidi kwenye ule ukungu wa mikono. Giza la nyuma nililiacha giza. Nilijaribu kulifungua, likatoka na chengachenga mbaya, kwa sababu simu ile ilihifadhi JPEG peke yake, faili la picha lililobanwa: ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Kamera inayotunza faili ghafi, ambalo halijabanwa hivyo, la biti 14 ina ngazi 16,384, na humo unaweza kuchota gizani ukakuta kitu. Kwangu hakukuwa na cha kuchota, na sikutaka kubuni.

Nne ni jambo ambalo nililiogopa. Ukungu wa mikono ulikuwa mmoja, na kukuna si mshuko mmoja. Nikaichukua picha ileile nikaiweka juu yake yenyewe, nikaisogeza chini kama upana wa ukucha, nikachagua njia ya kung'arisha. Katika njia hiyo programu inalinganisha picha mbili nukta kwa nukta na kubakiza ile yenye mwanga zaidi. Gizani hakuna kinachobadilika, kwa kuwa giza juu ya giza ni giza. Kinachojirudia ni cheupe, yaani nyama ya nazi na mng'aro wa vidole. Uso nao ulijirudia, nikaufuta kwa kidole ukabaki mmoja. Mishuko ikawa miwili. Nikaongeza wa tatu, nikaitazama, nikautoa. Wa tatu ulikuwa pambo. Miwili ilikuwa bado ni bibi.

Mwisho nilianza kusafisha. Kwenye sinia, juu ya nazi nyeupe, kulikuwa na vidoa vidogo vyeusi, kama kumi na mbili hivi. Nilidhani ni uchafu wa lenzi au chenga za picha. Nikafuta vitatu kwa ile zana ya kuziba madoa. Kisha nikasimama. Sheria yetu ya tatu inataka useme ulichofanya, na mimi sikujua ninachofuta ni nini. Ningeandikaje? Nikavirudisha vyote.

Nimesema filta ya kijani ina mzizi mrefu.

Bibi alifariki mwaka 2019. Baada ya arobaini, wajomba walitaka picha yake kubwa ya kuweka sebuleni, tukaipeleka moja nzuri ya Idi kwenye studio fulani ya mjini. Ilirudi baada ya siku nne ikiwa kwenye fremu ya dhahabu. Ngozi ilikuwa imepaukishwa. Makunyanzi yote yamepigwa pasi. Kidutu alichokuwa nacho chini ya jicho la kushoto, ambacho sisi wajukuu tulikuwa tunakigusa tukiwa wadogo naye akijifanya amelala, hakikuwepo. Mama aliishika fremu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, akauliza polepole, "Huyu nani?" Kijana wa studio tulipomrudia alishangaa kweli. Akasema wateja wote wanapenda hivyo, na hakuna aliyewahi kulalamika. Namwamini. Sidhani alikuwa na nia mbaya hata chembe. Alibonyeza kitufe ambacho mtu mwingine, mahali pengine, alikuwa ameshaamua uso mzuri uweje.

Na uamuzi huo ni wa siku nyingi. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu za rangi zilipimia mitambo yake kwa kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ikitoka sawa, mtambo umekaa sawa. Nyuso za watu wengine zilikuwa zinapita kwenye mtambo uliopangwa kwa ajili yake. Kodak, watengenezaji wa filamu, walipoanza kushughulikia rangi za kahawia, sehemu ya msukumo ilitoka kwa watengenezaji wa fanicha na chokoleti, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiki kwenye picha. Nikifungua albamu ya harusi ya wazazi wangu, ambamo upande wa mama wote wamekuwa meno na macho tu, nafikiria hizo mbao na hizo chokoleti, na nakasirika. Siku hizi mambo yamesogea. Mwaka 2021 Google walitoa simu zenye kamera waliyosema imefundishwa kwa nyuso nyeusi na za kahawia. Lakini filta za urembo zimejaa bado kwenye simu za watu, na nyingi maana yake ya urembo ni ileile ya ile kadi.

Kwa hiyo nikihariri uso wa mtu wangu, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuzima kila kinacholainisha. Kabla ya hapo, wakati wa kupiga, naweka kidole juu ya uso kwenye kioo cha simu ili kipimo cha mwanga kichukuliwe hapo. Simu mara nyingi hutafuta mwanga wa wastani wa kila kilichomo, hivyo ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa, simu itauhudumia ukuta. Uso uliopigwa vizuri hauhitaji kupaukishwa ili uonekane.

Sasa nirudi kwa dada wa Mombasa. Basi mwenzangu, hawakusubiri sana.

Wapo wanaosema kuhariri kote ni uongo, na wapo wanaosema ni sanaa tu, fanya utakalo. Mimi siwezi kukaa na kundi lolote kati ya hayo. Mwaka 1982, toleo la Februari, jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za mji wa Giza, Misri, zikaribiane ili zienee kwenye jalada lililosimama. Kilichowaudhi wasomaji ni kwamba walilipa wakiamini wanaonyeshwa Misri ilivyo. Mwaka 2015 mashindano ya picha za habari ya World Press Photo yaliondoa takriban picha moja katika kila tano zilizofika hatua za mwisho, kwa kuwa faili zake zilikuwa zimeguswa kupita kanuni. Pale mtazamaji ameahidiwa habari. Ukimpa kingine, umemdhulumu.

Lakini nenda Lamu. Omar Said Bakor, mwenye Bakor Studio, aliunganisha picha na picha akapata ambayo hakuna kamera ingeweza kuipiga, miaka mingi kabla mtu yeyote wa pale hajaiona kompyuta. Nenda Likoni, Mombasa, upande wa kivuko, miaka ya 1990. Wapiga picha walisimamisha pazia lililochorwa ndege au meli, na mfanyakazi aliyetoka bara akasimama mbele yake na shati lililopigwa pasi, picha ikatumwa kwao. Mama yake kijijini alijua mwanawe hajapanda ndege. Alichotumiwa ni matumaini ya mwanawe, na ndiyo aliyoyapokea. Hapo hapakuwa na aliyedanganywa, kwa sababu pazia lilionekana kuwa ni pazia.

Sheria yetu ya tatu ndiyo pazia letu. Nikisema nimekata ngalawa, dada ana haki ya kuniambia hawakusubiri sana, na mimi nina haki ya kumjibu kwamba nilikuwa pale tangu saa kumi na moja alfajiri na wao nilishawakuta. Mazungumzo hayo yenyewe ndiyo chalenji. Nisingesema, angetazama picha nzuri akapita. Na kuna jambo nimeligundua kwa kufanya hivi wiki baada ya wiki: kuandika ulichokifanya kunakuzuia kufanya mengi. Kitu ambacho naona haya kukiandika, sikifanyi.

Ndiyo maana pia nawashauri wanaotaka kuanza waanze na mada ngumu kwa picha za zamani. Mada rahisi inakutoa nje kupiga kile ambacho kila mtu atapiga. Nyekundu ilipotolewa, sita kati yetu tulituma picha iliyofanywa ya kijivu yote ila kitu kimoja chekundu, mimi na khanga yangu nikiwemo. Ilipendwa na kila mtu na sijaifungua tena. Kivuli ilikuwa bora kidogo, kwa sababu ilitolewa mwanzoni mwa Machi, siku ambazo jua la saa sita hapa Tanga linapita utosini hasa na mtu anakanyaga kivuli chake mwenyewe. Tulilazimika kutafuta kivuli ndani ya nyumba, chini ya meza, kwenye mikunjo ya chandarua. Mada ikikunyima la wazi, unarudi kwenye ulichonacho na kukiuliza upya. Na msihariri juu ya faili la asili. Fanyeni nakala kwanza. Mkitumiana kwa WhatsApp tumeni kama dokyumenti, la sivyo picha inabanwa, na kazi yote ya gizani inageuka matope.

Jumapili ile nilituma Sauti saa moja na nusu usiku, na maelezo yenye mistari minane. Kaka wa Muscat alijibu kwa ujumbe wa sauti. Hakusema neno. Alikuwa amechukua kijiko akikwaruza kitu, sijui nini, kwaru, kwaru, kama nusu dakika. Mzee aliandika, "Pembe ya chini kushoto umeunguza mno. Mengine sina neno." Nikaifungua pembe kidogo. Alikuwa sahihi.

Mwezi uliofuata niliichapa kwa ukubwa wa karatasi ya A3, kwa fundi mwingine, nikamsimamia mpaka ilipotoka, nikaipeleka Pangani kwa mama. Fremu ya dhahabu bado iko sebuleni. Wajomba waliilipia na hakuna anayeweza kuishusha. Tulikaa barazani, nikamkunjulia. Nilimtazama mama usoni nikisubiri aseme kuhusu kidutu, kwamba kipo, kwamba ngozi ni yenyewe. Hakugusa uso. Aliinama karibu kabisa na sinia, akasogeza miwani, akaweka ukucha juu ya vile vidoa vyeusi.

"Keshafika kwenye kifuu," akasema.

Nikamuuliza vipi.

"Hivi ni vipande vya kifuu. Meno yakimaliza nyama yanakwaruza kifuu, nazi inaingia weusi. Mama alikuwa hakubali kabisa. Alikuwa anasikia kwa sikio, sauti ikibadilika tu anageuza. Mimi nilichapwa kwa ajili ya nazi yenye weusi, nimeshakuwa msichana mkubwa." Akaitazama tena, kwa muda mrefu, mpaka chai yake ikapoa. "Yeye kupitiliza hivi! Hapo alikuwa anaongea na wewe."